Mwaka Ule wa Thabeet, Nani Alishinda?

Saa tisa na robo usiku. Umeme umekatika, simu ina chaji asilimia 34. Mpwa wangu kaketi mkekani, mgongo ukutani, na mimi nimeinua simu kwa mkono mmoja kama mtu anayemulika njia ya chooni. Chuo cha South Carolina cha Marekani wanacheza. Picha inaganda, inarudi, inaganda tena, na kila ikirudi tunamtafuta mtu mmoja tu: Madina Okot, Mkenya, yule mrefu pale chini ya kikapu.

Ilikuwa Januari mwaka huu. Mapumziko yalipofika nikaanza hadithi yangu. Walionizoea wanaijua, maana naisimulia kila penye harufu ya mpira wa kikapu. Mwaka 2009, nikiwa mwaka wa pili Mlimani, tulikuwa tunashuka Mwenge kwenye internet kafe kumfuatilia Mtanzania Hasheem Thabeet. Tunachanga hela ya nusu saa, watu watano kiti kimoja. Thabeet kazuia mipira mingapi, Thabeet kadaka ribaundi ngapi. Chuo chake cha Connecticut kikafika nusu fainali ya taifa kule Detroit, tukafungwa na Michigan State 82 kwa 73. "Tukafungwa", ndivyo ninavyosema mpaka leo.

Mpwa wangu ana miaka 17 na hajui kusikiliza hadithi bila kuikagua. Akachukua simu yake, akaandika kitu, akasoma kimya.

"Mjomba, mbona mwaka huo Connecticut walibeba ubingwa?"

"Hawakubeba. Nimekwambia walitolewa nusu fainali."

"Wanawake walibeba. Mechi 39, wameshinda 39. Hii hujawahi kunihadithia."

Nikamjibu kwamba sikuijua.

Jibu hilo limenikera kwa wiki kadhaa sasa, kwa sababu kadiri ninavyolikumbuka ndivyo ninavyoona halikuwa la kweli.

Kiungo cha pili

Tovuti ile ya Connecticut naikumbuka vizuri. Ukibonyeza mpira wa kikapu zinakuja njia mbili, wanaume na wanawake. Mbili, zimepangwa moja chini ya nyingine. Nilibonyeza ya juu mara mia. Ile ya chini niliiona kila mara, kama unavyoliona duka ambalo huna shida nalo.

Msimu ule wa 2008-09 wanawake wa Connecticut hawakushinda tu mechi zote 39. Hakuna hata moja waliyoshinda kwa tofauti ya chini ya pointi 10. Wanaume walitolewa Jumamosi, Aprili 4. Jumanne iliyofuata, Aprili 7, wanawake wakawafunga Louisville 76 kwa 54 pale St. Louis. Chuo kimoja, jezi rangi moja, na pale Storrs ukumbi wao ni mmoja, Gampel. Siku ile ya Jumanne sisi tulikuwa na msiba. Tulikuwa tunabishana kama Thabeet aingie NBA au amalizie mwaka wa nne.

Mwisho wa mwezi huo Obama akawaita Ikulu, akarusha nao mpira kwenye kiwanja cha pale nje. Obama huyo huyo ambaye Novemba tulikesha tukimsubiri ashinde, kwa sababu na yeye ni mwenzetu.

Hapo ndipo penyewe. Mwenzetu.

Sisi hatufuatilii timu, tunafuatilia mwenzetu. Tulikuwa Genk damu kwa sababu ya Samatta. Januari 2020 tukahama wote kwenda Aston Villa na mabegi yetu, na alipoondoka tukaondoka naye, hatukuaga. Sioni kosa katika hilo. Mtu wa nchi ndogo kwenye dunia ya michezo lazima ashike kamba fulani. Ila kamba ile ile inayokuvuta mpaka mlangoni ndiyo inayokuzuia kuingia ndani. Tulifika Connecticut, tukasimama mlangoni, tukamwangalia mtu mmoja.

Thabeet hana kosa lolote. Alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa 2009 na alistahili kila kelele tuliyompigia. Mwenye kesi hapa ni mtazamaji.

Waliokuwa chini ya kiungo hicho

Baada ya usiku ule nilianza kusoma kuhusu timu niliyoiruka. Nilitegemea kukutana na takwimu. Nimekutana na mambo mengine.

Maya Moore alikuwa mwaka wa pili chuoni, kama mimi. Ndiye aliyekuwa nyota. Baadaye akachukua mataji manne ya ligi ya kulipwa na Minnesota na medali mbili za dhahabu za Olimpiki. Halafu mwaka 2019, akiwa na umri wa kucheza miaka mingine mingi, akaacha. Hakuumia. Aliacha ili ashughulikie kesi ya mtu aliyekuwa gerezani Missouri, Jonathan Irons, aliyehukumiwa miaka 50 mwaka 1998 kwa tukio la wakati akiwa na miaka 16. Machi 2020 jaji akaitengua hukumu ile, na Julai Mosi Irons akatoka nje kwa miguu yake.

Kilichonisimamisha ni tarehe nyingine. Moore alikutana na Irons mwaka 2007, kabla hajaanza chuo. Maana yake ni kwamba usiku ule wa St. Louis, wakati mimi naomboleza nusu fainali ya wanaume, yule msichana aliyekuwa anakata nyavu za kikapu, kama mabingwa wafanyavyo, alikuwa tayari anamjua mfungwa ambaye kwa ajili yake angekuja kuacha kucheza.

Nilisoma hilo nikaweka simu chini.

Kisha kuna Renee Montgomery, aliyekuwa mwaka wa mwisho kwenye timu ile. Mwaka 2020 alikuwa mchezaji wa Atlanta Dream, akaamua kutocheza msimu huo ili ashughulike na harakati za haki. Mmiliki mwenza wa timu hiyo alikuwa seneta wa Georgia, Kelly Loeffler, ambaye alipinga waziwazi ligi kuunga mkono kampeni ya maisha ya watu weusi. Wachezaji hawakumjibu kwa matusi. Agosti wakaingia uwanjani na fulana za kumpigia debe mpinzani wake, mchungaji Raphael Warnock, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa. Januari 2021 Warnock akashinda. Februari timu ikauzwa, na miongoni mwa wanunuzi akawemo Montgomery.

Rudia taratibu: mchezaji alinunua sehemu ya timu aliyokuwa akiichezea, kutoka kwa mwanasiasa ambaye wachezaji walisaidia kumwondoa.

Sisemi fulana zilimchagua seneta. Uchaguzi wa Georgia ulikuwa na mambo mengi na mimi si mtaalamu wake. Nasema tu kwamba miaka yote nimejiona mtu anayefuata siasa za Marekani, nabishana nazo vijiweni, na watu waliokuwa katikati ya habari ile walitoka kwenye timu niliyoiruka nikiwa na miaka 21 kwa sababu nilikuwa nalipia dakika.

Takwimu zilizonigeukia

Mtu aliyechelewa huwa na bidii. Kwa wiki mbili nikawa namtumia mpwa wangu takwimu kila asubuhi, kama mlokole mpya na mistari yake.

Nilimtumia ile ya Machi 2021, mashindano ya vyuo yalipochezwa wakati wa korona. Wanaume Indianapolis walipewa ukumbi mzima wa vyuma vya mazoezi. Wanawake San Antonio wakapewa kijirafu kimoja cha vyuma vya mkononi. Wasimamizi wakasema tatizo ni nafasi. Sedona Prince, mchezaji wa Oregon, akapiga video, akageuza kamera na kuonyesha nafasi: ukumbi mtupu unaorudisha mwangwi. Hata jina la mashindano, lile maarufu la wazimu wa Machi, lilikuwa la wanaume peke yao mpaka 2022.

Nikamtumia na ya fedha. Timu za wanaume zimekuwa zikipata mgao kadiri zinavyosonga mbele tangu 1991. Za wanawake zimeanza 2025. Sikuongeza maneno hapo, akatuma alama tatu za kuuliza.

Nikamtumia niipendayo kuliko zote. Aprili 7, 2024, miaka 15 kamili tangu usiku ule wa St. Louis, South Carolina ya kocha Dawn Staley iliifunga Iowa ya Caitlin Clark 87 kwa 75, watazamaji milioni 18.9. Fainali ya wanaume kesho yake, milioni 14.8. Haikuwahi kutokea. Nikamwandikia: "Umeona? Sasa hawana la kusema."

Akajibu jioni, akitoka mazoezini.

"Kwa hiyo wangetazamwa na wachache, kile kirafu kingekuwa sawa?"

Nimelisoma swali hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa nimejiona mtetezi, kumbe nimekuwa mhasibu. Nilibadili upande kwa sababu namba zimebadili upande. Zikirudi nyuma kesho, na zinaweza, maana Clark hayuko tena chuoni na homa ile imepungua, mimi nitasimama wapi?

Ile sheria ya Marekani ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ina sentensi moja ya msingi, maneno 37, na hakuna hata moja linalotaja mpira. Wala haisemi "kama watazamaji watatosha". Pat Summitt alipoanza kufundisha wanawake wa chuo cha Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22 alilipwa dola 250 kwa mwezi, akaendesha mwenyewe gari la timu na kufua jezi. Alimaliza na ushindi 1,098. Nani alikuwa anatazama mwaka wa kwanza?

Nikamwambia mpwa wangu sina jibu. Akatuma kidole gumba. Watoto wa siku hizi wanakuhurumia kwa kidole gumba.

(Na kwa kuwa nimeanza kukiri, nimalizie: mwaka 2023 Angel Reese wa chuo cha LSU alipompungia Clark mkono mbele ya uso kwenye fainali, nami nilisema kwenye kundi la WhatsApp kwamba hana nidhamu. Clark mwenyewe alikuwa ameifanya ishara ile ile siku chache nyuma dhidi ya Louisville, na watu wakaiita moto wa ushindani. Mmoja mweupe, mwingine mweusi. Kisha mke wa rais, Jill Biden, akapendekeza walioshindwa nao waalikwe Ikulu pamoja na mabingwa, na Reese akasema huo ni mzaha. Safari hii namuunga mkono, nimechelewa miaka mitatu.)

Tangazo la Desemba

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Mpwa wangu si mtazamaji. Anacheza. Ana urefu, ana mkono wa kushoto unaosumbua mabeki, na tangu akiwa kidato cha pili kuna daftari ambalo ndani yake ameandika majina ya vyuo vya Marekani kwa kalamu ya rangi. Mimi ndiye niliyemnunulia daftari hilo. Hadithi ya Thabeet ndiyo iliyolijaza.

Desemba 2025 Rais Trump alisaini tangazo la kuongeza nchi kwenye orodha ya vizuizi vya kuingia Marekani. Tanzania imo. Si kizuizi kamili, lakini kuanzia Januari Mosi, 2026 zimesitishwa viza za matembezi na biashara, za wanafunzi na za programu za kubadilishana. Burundi walitangulia tangu Juni. Sababu iliyotajwa kwa upande wetu ni watu kupitiliza muda wa viza zao. Wanamichezo wanaokwenda Kombe la Dunia au Olimpiki wamewekewa mlango wao. Msichana anayekwenda kusoma na kucheza chuoni anahitaji viza ya mwanafunzi, na hiyo ndiyo iliyofungwa.

Kenya haimo katika orodha.

Kwa hiyo usiku ule tukimtazama Madina Okot, mimi nilikuwa naangalia mpira na kitu kingine. Okot alitokea Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State, kisha South Carolina. Waliosoma historia watatabasamu: Mississippi State ndio waliokata mfululizo wa ushindi 111 wa Connecticut mwaka 2017, kwa mtupo wa mwisho wa msichana mfupi aitwaye Morgan William, halafu wakafungwa fainali na South Carolina hao hao. Njia nzuri kabisa ya kuifuata kwa kalamu ya rangi. Lakini mstari unaanzia upande wa pili wa Namanga.

Nilijiuliza nimwambie lini. Nikapanga maneno. Nikasema nisubiri matokeo ya mtihani, kisha nisubiri birthday, kisha nisubiri labda wataifuta.

Nimekuwa na wasiwasi mwingine pia, wa zamani zaidi ya tangazo. Hata mgeni akiingia, anaingia katika nyumba ambayo wenyeji wanalipwa na yeye anahesabu saa. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza majina na sura zao. Tangu Julai 2025, baada ya jaji Claudia Wilken kuidhinisha mapatano ya kesi, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na wanawake tayari wamekata rufaa kupinga jinsi malipo ya miaka ya nyuma yanavyomiminika kwa wanaume. Lakini viza ya mwanafunzi inabana kazi: saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena za ndani ya chuo. Oscar Tshiebwe, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa mchezaji bora wa taifa akiwa Kentucky, alisubiri timu ilipokwenda Bahamas Agosti 2022 ndipo afanye matangazo yake, nje ya ardhi ya Marekani. Jitu zima, nyota wa nchi, anavuka bahari ili apigwe picha.

Na Aprili 2025, siku ile ile Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, anaichezea Duke nusu fainali, serikali ikatangaza kufuta viza zote za wenye pasi za Sudan Kusini. Wewe ni mwenzao mpaka saa moja jioni.

Je, hili ndilo ninalomsukumia mtoto wa dada yangu?

Alikuwa anajua

Jumapili moja nikajikaza. Nikamwita sebuleni, nikazima redio, nikaanza kwa kuzunguka.

"Unazungumzia viza?" akanikatiza. "Mjomba, hiyo ilishatumwa kwenye kundi la timu tangu Krismasi."

Alikuwa na siku zaidi ya arobaini nayo. Usiku ule wa umeme kukatika alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekuwa nalindwa.

Akaniuliza ada ya Zetech ni kiasi gani. Nikamweleza kwamba kizuizi kinafuata pasi, hakifuati mahali unaposoma, akienda Nairobi bado ni Mtanzania. Akasema anajua hilo pia. Anataka tu kujua ada. Kule kuna ligi, kuna mechi, na Madina alionekana akiwa kule.

Tukatafuta ada. Tukaibadilisha kwenda shilingi zetu. Tukanyamaza kidogo.

Kisha akasema, bila ukali wowote, akikunja daftari: "Jumamosi tuna mechi. Saa saba."

"Nitajaribu," nikasema.

"Hujawahi kuja."

Nikafungua mdomo kukanusha. Nimewahi kwenda kiwanja kile mara ngapi? Kila Jumamosi nyingine, tangu miaka. Nawajua wachezaji, nawajua marefa, namjua muuza karanga. Lakini mechi ninazokwenda huanza saa kumi.

Za saa kumi ni za wanaume.

Jumamosi saa saba

Jua la saa saba kwenye sakafu ya saruji ni jambo ambalo aliyepanga ratiba hajawahi kulicheza. Kivuli kilikuwa upande mmoja tu, na watu wote tuliokuwepo tulikaa humo. Nilihesabu 26, wengine ni timu zinazosubiri zamu. Kocha wao, mwanamke wa umri wangu, alikuwa anatoa jezi kwenye ndoo ya plastiki. Zilikuwa mbichi kidogo. Nikamkumbuka Summitt, kisha nikajiambia niache, nitazame kilicho mbele yangu.

Mpwa wangu aliniona. Hakupunga mkono. Alifunga kamba za raba upya ingawa zilikuwa zimefungwa.

Meza ya waamuzi ilikuwa na mtu mmoja. Akaangaza kivulini akitafuta asiye na kazi, akanikuta.

"Kaka, njoo utusaidie kugeuza namba."

Ni ule ubao wa karatasi ngumu zenye tundu, unageuza pointi kwa mkono. Wekundu kushoto, weupe kulia. Niliuliza timu ya mpwa wangu ni ipi, maana jezi zilikuwa zimepauka kiasi kwamba wekundu na weupe wamekaribiana. Akanionyesha.

Robo ya kwanza iliisha 11 kwa 8. Nilikosea mara moja, nikawapa weupe kikapu cha wekundu, na mpwa wangu ndiye aliyepiga kelele kutoka katikati ya uwanja: "Mjomba! Ile ni yetu!"

Nikarudisha karatasi, nikageuza upande mwingine.